Tulisimama kando ya barabara tukishangilia

Nimerudi jana usiku kutoka nyumbani Ngara, kiuno kinauma kwa kukaa kwenye basi. Wanaonijua wanajua kwamba kila nikitoka likizo narudi na ndizi, asali na hasira. Safari hii ndizi zimeivia njiani, asali imemwagikia kwenye begi, hasira imefika salama.

Nivumilieni, naanza mbali kidogo. Kabla sijasafiri, rafiki yangu mmoja alinilazimisha nitazame filamu ya Ferrari, ile aliyoiongoza Michael Mann iliyotoka mwaka 2023. Mimi na magari ya mashindano hatuna undugu. Lakini mle ndani kuna kijana mmoja wa Kihispania, mtanashati, anatembea kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba binadamu hufa. Akanikaa kichwani. Nikaenda kumsoma, na siku mbili nzima sikufanya kazi ninayolipwa kuifanya (bosi, kama unasoma hapa, nilikuwa naumwa).

Jamaa anaitwa Alfonso de Portago. Hilo ni la kifupi. Jina lake kamili siliandiki maana mngedhani ni orodha ya abiria. Alizaliwa London mwaka 1928 katika ukoo wa makabaila wa Hispania, na Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu alikuwa baba yake wa ubatizo. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 17 aliweka dau la dola 500 kuwa anaweza kurusha ndege chini ya daraja pale London, akarusha, akachukua hela. Kisha akapanda farasi, na si wa kupigia picha: alishiriki Grand National ya Uingereza, mbio ambazo farasi na wapandaji huanguka kama maembe. Mwaka 1953 akaingia kwenye magari. Mwaka uliofuata, kwenye mbio za kilometa 1,000 za Buenos Aires, yeye na Harry Schell wakashika nafasi ya pili. Kufikia 1956 alikuwa dereva wa Ferrari kwenye Formula One, na pale Silverstone akagawana nafasi ya pili na Peter Collins. Wakati ule madereva wawili waliruhusiwa kubadilishana gari moja katikati ya mbio.

Na mwaka huohuo wa 1956 akaenda Olimpiki ya majira ya baridi, Cortina d'Ampezzo, Italia, kwenye bobusledi.

Najua wengi hapa bobusledi tumeijua kupitia filamu ya wale Wajamaika waliokwenda Calgary mwaka 1988. Kwa asiyeijua: ni kigari kisicho na injini wala magurudumu, kinateleza juu ya vyuma vyembamba ndani ya mfereji wa barafu unaoteremka mlimani kwa kona na mizunguko. Mnakisukuma mkikimbia, mnarukia ndani, mnainamisha vichwa. Wa mbele anaongoza, wa nyuma kazi yake ni kusukuma na kushika breki mwishoni. Mwendo unapita kilometa 100 kwa saa. Portago alimchukua jamaa wa ukoo wake, Vicente Sartorius, wakaingia kwenye bobusledi ya watu wawili wakiwa wageni kabisa kwenye mchezo huo, wakitoka nchi isiyo na historia nao. Wakamaliza wa nne. Medali ya shaba iliwapita kwa sehemu 14 kwa mia za sekunde, baada ya kujumlisha muda wa miteremko yote minne. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia pale St. Moritz, safari hii na Luis Muñoz, shaba akaipata.

Sisi watu wa Ngara msituchukulie hivihivi kwenye mambo haya. Ngara ni milima. Mvua ikinyesha, udongo wa mteremko unakuwa sabuni. Tulikuwa tunakata kipande cha mgomba ulioanguka, tunachonga pa kukalia, tunakaa wanne, wa mbele anaongoza kwa visigino, tunaachia. Kona ilikuwa moja tu, na mwisho wa safari ulikuwa shamba la kahawa la babu mmoja mkali. Nimeanguka mara nyingi, na kovu la goti la kushoto ninalo hadi leo. Kwa hiyo niliposoma habari za yule kabaila akiachia kigari chake mlimani, nilimwelewa vizuri kuliko madaktari wa saikolojia. Kuna sekunde unapoachia ambapo huwezi kurudi nyuma tena, na hiyo sekunde ni tamu. Tusidanganyane.

Nampenda Portago, nakiri. Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Tarehe 12 Mei 1957 ziliendeshwa mbio za Mille Miglia. Zilianza mwaka 1927: maili elfu moja, kama kilometa 1,600, kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi Brescia, kwenye barabara za kawaida, katikati ya miji na vijiji, watu wamejipanga kando bila ukuta wala senyenge. Portago hakuzipenda mbio hizo na hakuwa kwenye mpango wa awali. Aliingia kwa sababu Luigi Musso alikuwa mgonjwa. Kiti cha pembeni alikaa rafiki yake Mmarekani, Edmund Nelson. Njiani kote wanasimulia lile busu alilopewa Roma na mwigizaji Linda Christian. Wanasimulia pia kwamba kwenye kituo karibu na mwisho mafundi waliona tairi haliko sawa, yeye akakataa kupoteza muda. Zikiwa zimebaki kilometa zisizofika mia kufika Brescia, karibu na kijiji cha Guidizzolo, tairi likapasuka. Gari likaruka likaingia kwa watu. Portago alikufa, na umri wake ulikuwa miaka 28. Nelson naye alikufa. Na wakafa watazamaji tisa, watano kati yao watoto.

Serikali ya Italia ikapiga marufuku mbio za namna hiyo. Enzo Ferrari akafunguliwa kesi, akaachiwa huru mwaka 1961.

Sasa nenda kasome chochote kilichoandikwa kuhusu Portago. Daraja la London lipo. Busu lipo. Zile sehemu 14 kwa mia za sekunde hazikosekani hata siku moja, mimi mwenyewe nimeziandika hapo juu kwa furaha kabisa. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, "pamoja na watazamaji tisa". Pale kando ya barabara kuna mnara wa kumbukumbu, sikatai. Lakini mnara uko Guidizzolo. Hadithi inayozunguka dunia ni ya kabaila.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wote wanaosema alikuwa mtu yuleyule, moyo uleule, kwenye barafu na kwenye lami. Moyo uleule, sawa. Kitendo si kilekile. Kwenye mfereji wa Cortina kulikuwa na kuta. Akikosea kona anavunjika yeye na mwenzake aliyekubali kukaa nyuma yake. Dau ni lake na analipa mwenyewe, kama sisi na mgomba wetu. Kwenye barabara ya Guidizzolo alicheza dau hilohilo, ila sehemu kubwa ya mtaji ilikuwa ya watu wengine, na hawakuulizwa. Watoto wale walitoka nyumbani kuangalia magari mekundu. Ujasiri wa kwanza naupigia makofi. Wa pili sijui kama ni ujasiri.

Msiniambie ni mambo ya Wazungu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, ng'ombe, baiskeli na akina mama wenye ndoo wakiwemo. Timu kubwa zilifikia kutanguliza helikopta angani ili dereva aambiwe mbele kuna nini. Tunawajua Joginder Singh na Shekhar Mehta, na wanastahili kujulikana. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilikuwa kwenye vipande vya njia vilivyofungwa. Maendeleo hayo, nakubali.

Lakini mbio ninazotaka kuzisema mimi hazina helikopta na hazijawahi kufungiwa njia.

Nilipokuwa natafuta Guidizzolo kwenye ramani, nikaona si mbali na Ziwa Garda. Ziwa hilo jina lake la kale ni Benaco. Nikashtuka! Benaco ya kwetu, wilaya ya Ngara, pale Kasulo, imepata jina lake kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara ya lami ya kwenda Rusumo. Dunia ililisikia jina hilo mwaka 1994, pale wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi na kambi ikafunguliwa hapo. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tuliikuta Benaco kama jina tu la mahali, na lami kama kitu kilichokuwepo tangu Mungu aumbe dunia.

Nilikulia kijiji kimoja cha kando ya lami hiyo. Miaka ile pori la kutoka upande wa Biharamulo lilikuwa na majambazi wenye bunduki, kwa hiyo magari yalikusanywa yakasindikizwa na polisi. Mabasi yakikaa foleni kusubiri msafara, yanachelewa. Yakishaachiwa, ni ligi. Wasiojua ligi: basi na basi, nani atafika wa kwanza kuchukua abiria wa mbele. Sisi watoto tulizijua ratiba zake kuliko tulivyojua jedwali la kuzidisha. Tulikuwa na madereva tuliowapenda, tumewapa majina, na tulikuwa tunagombana kwa ajili yao kama watu wanavyogombana leo kwa Simba na Yanga. Ngurumo ikisikika upande wa Nyakahura tunaacha kila kitu, tunakimbilia ukingo wa barabara, tunapunga mikono na kupiga kelele: ongezaaa! Na wao walituona. Walipiga honi. Walijua wana mashabiki.

Nilikuwa darasa la nne. Mabasi mawili yalitokea pamoja, moja linalipita jingine pale kwenye kona kabla ya mteremko. La nje likatoka kwenye lami, dereva akalirudisha, likayumba, likaja upande wetu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mtaro. Mvulana tuliyekaa naye dawati moja alikuwa upande huu wa mtaro, kwa sababu yeye alikuwa anapenda kuwa karibu.

Basi halikupinduka. Abiria walishuka wazima. Dereva alikimbilia polisi. Kesho yake habari ikatoka kwenye redio: mtembea kwa miguu mmoja amefariki. Hakuwa anatembea. Alikuwa amesimama, na alikuwa anashangilia, na mimi nilikuwa nashangilia naye.

Safari hii nilikwenda kumsalimia baba mdogo, ambaye miaka hiyo alikuwa konda wa basi jingine kwenye njia hiyohiyo. Sasa ni mzee wa kahawa na maharage. Nikampa shikamoo, tukala, nikamuuliza kuhusu siku ile. Macho yakamng'aa. Akanitajia namba za magari yote mawili. Akanitajia saa waliyoachiwa na polisi. Akanieleza gia aliyokuwa nayo yule dereva wa nje, na kwamba angeingiza gia ndogo angelipata lami mapema. Dakika walizotumia toka Lusahunga alikuwa nazo kichwani.

"Na yule mtoto, baba mdogo?"

"Mtoto wa nani yule... Wa kule juu. Mwanangu, siku nyingi hizo."

Si mtu mbaya baba mdogo wangu, ndiye aliyenilipia ada. Nilitamani kumkasirikia nikashindwa, maana nami ninayo yangu. Kazi yangu ya kwanza ya uandishi, semitrela ilifeli breki kijiji kimoja cha Biharamulo ikaingia kwenye genge la ndizi. Nilipiga simu polisi. Nilimtafuta dereva nikapata jina lake, umri wake, alipotoka na alipokuwa anapeleka mzigo. Nilipata hadi aina ya mzigo. Habari yangu ikasema "watu wawili, akiwemo mtoto, walifariki dunia". Mhariri hakuniuliza mtoto gani, na mimi sikujiuliza. Ilikuwa habari nzuri, walinisifu kwa kuiwahi.

Nikaona nirekebishe angalau moja. Nikaenda kwa mama wa yule mwenzangu wa dawati. Yupo, ana wajukuu, anauza ndizi mbivu palepale kando ya lami, maana biashara iko pale na si kwingine. Nilimweleza kwamba ninaandika, na kwamba ninataka kuandika jina la mwanawe, lijulikane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Litamsaidia nani?" Nikaanza kujibu, nikaona jibu langu linanihusu mimi zaidi kuliko yeye. Akasema niliache. Ndiyo maana hamlioni hapa.

Kwa hiyo sidai tena kwamba dawa ni kutaja majina. Nilipanda basi kwenda huko nikiwa na hoja nzuri, mama yule akaivunja kwa maneno mawili. Ninachodai sasa ni kidogo zaidi: kwamba tuache kuhesabu ajali kuanzia kwenye usukani. Sisi waandishi tunaanza na gari: gari lilikuwa linatoka wapi, linakwenda wapi, lina abiria wangapi. Aliyekuwa amesimama tunampa nusu sentensi. Mtu akisoma hivyo miaka ishirini anaanza kuamini barabara ni ya gari na kijiji kimeivamia. Wakati kijiji cha watu wengi pale kilikuwepo kabla ya lami!

Na ninyi wasomi wenzangu wa mjini, msitoke hapa mkidhani namsema konda mstaafu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema gari la zaidi ya kilo 3,500 lisizidi kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi mwisho 50. Mabasi siku hizi yanafungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, LATRA inaona yanavyokwenda. Vizuri. Lakini nani anayelalamika dereva akifuata sheria? Nimesikia kwa masikio yangu watu wenye digrii wakisema dereva "amebeba mayai". Nani anayerekodi kwa simu basi likiovateki kwenye kona halafu anairusha na maneno ya kusifia? Wakati wetu dereva alikuwa na mashabiki ishirini wasio na viatu kwenye mtaro. Sasa anao maelfu, na hakuna hata mmoja aliyesimama mahali gari linapoweza kumfikia.

Jana basi letu liliondoka Ngara mjini alfajiri. Tulipita Benaco, nikaiangalia ile kona, nikaipita kama kila mtu. Baada ya Nyakahura basi jingine likatupita kwa fujo, na nyuma yangu vijana wawili wakawaka. "Suka, unakubali? Lile bovu linatuacha!" Simu zikatoka. Dereva akaangalia kioo, akacheka kidogo, nikasikia injini inabadilika sauti.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama kwenye basi. Nikasema, mwacheni aendeshe.

"Dada, kama unaogopa ungepanda fuso la mkaa."

Basi zima likacheka. Mzee mmoja mbele akasema, hapana, huyo binti kasema kweli, na mama mmoja mwenye mtoto akaunga mkono, na dereva, sijui kwa ajili yetu au kwa ajili ya kile kifaa cha LATRA, akapunguza. Vijana wakanuna.

Lusahunga tulilikuta lile basi limesimama, abiria wake wanakula mahindi ya kuchoma. Lilitutangulia kwa dakika nne, nilihesabu kwenye simu. Kijana wa fuso la mkaa alishuka, akarudi na mahindi mawili, moja akanipa bila kusema neno. Nikala.